Nilimwibia Enejo Nyumba ya Mfalme Wake

Mimi ni mwizi. Nalisema mapema usije ukanionea huruma kabla hujamaliza kusoma. Sikuiba kwa njaa, wala hakuna aliyenilazimisha. Niliiba kwa tamaa ya kusifiwa, na hadi leo nikikumbuka nasikia kinyaa, nataka kutema mate, na wa kutemewa ni mimi mwenyewe!

Ilikuwa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi Mtanzania, nasomea usanifu wa majengo, napanga mtaa wa Berea na Mnigeria wa darasa langu, nimwite Enejo. Chumba cha pili alikaa Papa Ilunga, Mkongo mtu mzima aliyelinda magari ya watu kwa riziki. Tulikula sufuria moja.

Enejo alikuwa Mwigala, kutoka kule mito ya Niger na Benue inapokutana. Mji wao mdogo una mfalme wake, na mvua ilikuwa imeangusha nusu ya jumba lake. Wazee wakasema tunaye mtoto anayesomea kazi hii, atuchoree upya, lakini kwa jadi yetu. Udongo, nyumba za duara, paa la nyasi, ua baada ya ua, ili mgeni apungue kiburi kidogo kidogo kabla hajamfikia mfalme. Enejo akaifanya ndiyo kazi yake ya mwaka wa mwisho.

Shida ilikuwa nyumba ya ndani kabisa, anapolala mfalme. Waliijua watumishi wachache tu, wanaoingia peku, na mjomba wake Enejo alikuwa mmoja wao. Mzee yule alimweleza mpwawe yote, kuta ngapi, mlango unatazama wapi, kwa sharti kwamba karatasi hiyo waione wazee peke yao. Hata walimu Enejo aliwachorea pale duara tupu. Walimkata alama, akakubali.

Basi akaugua utumbo, akapasuliwa, akalazwa wiki mbili. Akaniomba nimmalizie ramani kwa wino, pamoja na ile ya ndani, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Hebu fikiria! Mtu ana mrija puani, anakukabidhi siri ya kwao.

Wakati huo nilikuwa najishikiza ofisini kwa msanifu mmoja aliyepewa kazi ya kujenga mgahawa wa watalii. Siku zile kila mtu alitaka kitu cha Kiafrika. Bosi alikuwa amechana michoro yangu mitatu mbele ya wenzangu, akisema inafanana na stendi ya mabasi. Iliniuma. Nikapitia duka la fotokopi Overport, nikatoa nakala za karatasi zote za Enejo, na ile ya ndani nikaitoa mbili.

Bosi alinikumbatia, akaniita kipaji. Akauliza nimeyatoa wapi haya, nikamwambia nimeyaota. Mungu wangu, nimeyaota!

Walijenga kwa matofali ya saruji, wakapaka rangi ya udongo. Ua wa kwanza ukawa baa. Mimi ndiye niliyesimamia, kalamu sikioni, kichwa kimevimba. Walipokosa pa kupitishia maji machafu, bosi akanyoosha kidole kwenye nyumba ya ndani, akasema iko mwisho kabisa na haina madirisha, inafaa kuwa choo. Nilijua ile ni nyumba gani. Nikaichora upya, nikaweka mahali pa kukojolea wanaume sita kwa mpigo. Najichukia!

Ibilisi hana rafiki. Mgahawa ulipofunguliwa, Papa Ilunga akapata nafasi ya kulinda magari pale pale. Jumapili moja mchana tunakula, Enejo ameshapona, jumba lake la maboksi, mfano mdogo alioujenga kwa kazi yake ya chuo, liko mezani pembeni. Papa akaanza kuzungumza kwa furaha, kama mtu anayeleta habari njema.

"Enejo, ile nyumba yako ya karton, balishaijenga kule kazini. Yote iko. Na ile ya mwisho, yenye ulikatalaka kutufungulia, njo choo ya wanaume."

Enejo hakujua Kiswahili, na Kiingereza cha Papa kilikuwa cha kusalimia wenye magari tu. Akanigeukia mimi nimtafsirie. Nikamwambia Papa anasimulia mambo ya kazini. Nikaendelea kutafuna! Lakini Papa aliuona uso wangu, na kesho yake alimpandisha Enejo taxi akaenda naye.

Alirudi alasiri. Hakunipiga, ingawa nilitamani anipige. Alikaa kitandani, akatazama sakafu.

"Nimeingia na viatu," alisema. "Sikujua niko wapi mpaka nilipohesabu kuta."

Angeweza kunyamaza. Nani kule kwao angejua? Lakini Enejo aliandika barua kwa mkono wake, akawaambia wazee kila kitu, akajitia kosani yeye, jina langu hakulitaja. Wazee wakachoma ramani. Mjomba wake, aliyezeekea katika utumishi ule, akafukuzwa jumbani. Chuoni Enejo aliiacha kazi ile, akachora jengo la maduka, akafaulu, akaondoka Berea bila kuniaga.

Baadaye alinitumia picha moja kwa posta. Jumba jipya la mfalme wao: matofali ya saruji, bati, madirisha ya vioo, geti la chuma. Lingeweza kuwa ofisi ya kodi popote Afrika. Nyuma ya picha aliandika, "Hii hutaiiba."

Wewe unayeshika kalamu, kamera au kinasa sauti, nakuonya. Mtu akikufunulia jambo la kwao, si kwamba amekupa, amekuamini tu, na ukilitoa nje halirudi ndani. Mimi leo nina ofisi yangu na kibao mlangoni. Wateja hupenda kuniuliza jengo langu la kwanza lilikuwa lipi, nami huwajibu kwamba lilikuwa choo. Wanacheka sana, wakidhani ni utani.