Kichwa cha Mjomba na Reli za Mkonge

Bomba lilivunja kioo cha nyuma, likapita kati ya kichwa cha mjomba na changu, likaipeleka kofia yake mpaka kwenye dashibodi. Mjomba alikuwa dereva wa pikapu ya kijiji chetu cha ujamaa, huko Handeni. Tulikuwa tunatoka Korogwe na mabomba ya maji, ng'ombe wa Wamasai wakakatiza, akashika breki. Gari likasimama, mabomba hayakusimama.

Mjomba alishuka, akajipapasa shingo, akasema habari ya mabomba imekwisha mpaka nyuma ya kiti chake kuwe na kinga ya chuma. Hivyo maji ya kijiji kizima yakawa yanasubiri shingo ya mtu mmoja.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na kuchora kwa rula nilijua. Siku hiyohiyo nikachora fremu ya kusimama nyuma ya kebini, miguu miwili imeshuka mpaka kwenye chesisi chini ya gari, pao za chuma zimekingama katikati. Nilidhani kesho yake tunaanza. Nilisahau kwamba tuna kamati.

Kamati ilikaa kutwa. Kina mama walitaka pa kujishika wakipanda kwenda kliniki, sawa. Mzee mmoja akataka ndoano za kuning'iniza kuku. Mwenyekiti akataka mlingoti wa bendera. Halafu mtu akauliza kama kichwa cha dereva ni mali yake binafsi au ya kijiji, maana chuma cha wote hakiwezi kulinda mali ya mtu mmoja. Nilitamani kulia. Mwishowe wakanyoosha mikono, ikapita kwamba kichwa ni cha kijiji. Mjomba akauliza kama mkewe naye ameshaarifiwa.

Chuma madukani hakikuwepo. Tukaomba zile reli ndogo za troli za mkonge, zilizokuwa zinaozea majanini upande wa Mazinde, tukazipeleka Korogwe kwa fundi wa kuchomelea. Fundi alikuwa Msambaa wa Kwashemshi na sisi ni Wazigua, yaani watani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya tonge mkononi, hata kukulilia ungali mzima, na ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Basi alipomwona mjomba tu, fundi akajishika kichwa, akaanza kulia.

"Marehemu kaja mwenyewe kupimwa jeneza," akawaambia watu wa pale. "Na chuma kaja nacho."

Mjomba akamjibu kwamba kichwa hiki ni mali ya kijiji, kamati imepitisha, na kwamba kwa ajuavyo yeye, kazi ya moto anayoiweza Msambaa ni kuchoma viazi.

Fundi alifanya kazi huku anaimba za msiba. Ndoano za kuku alizikataa bila kumuuliza mtu, nikampenda kwa hilo. Alasiri kinga ilikuwa imesimama nyuma ya kebini, nzito, imepakwa rangi nyeusi mpaka kwenye maungio. Nilitaka tupakie mabomba yaliyobaki Korogwe, tuondoke. Mjomba hakuwa na haraka yangu. Alipakia mabomba, akasema tuijaribu kwanza kwenye mteremko, na aliyechora akae katikati. Nikaingia. Kisha akamgeukia fundi.

"Na wewe mtani, panda. Marehemu haliliwi kwa mbali."

Fundi akacheka, akasema ana kazi. Mjomba akamvua miwani yake ya kuchomelea, akaitupa ndani ya kebini. Mtani akishachukua kitu chako hivyo, unakifuata au unakiacha. Fundi akakifuata.

Tukaanza kushuka. Gari likakolea mwendo. Nikagundua fundi haimbi tena. Aligeuka kutazama mabomba kupitia tundu lililokuwa kioo, akageuka tena.

"Punguza, mtani," akasema. "Taratibu. Breki usiguse."

Mjomba akauliza kwa nini, mguu wake bado uko kwenye mafuta.

"Ule mguu wa kushoto wa kinga, kule chini. Vijiti vya kuchomelea viliniishia. Nimeushikiza tu, nikapaka rangi."

Mjomba akashusha gia moja moja mpaka gari likasimama lenyewe. Nilifungua mdomo nimtolee fundi maneno yote niliyofundishwa shuleni na yale ambayo sikufundishwa. Mjomba akanizuia.

"Mwache, mpwa wangu. Tungekufa wote watatu, angetulilia nani?"

Vijiti tuliviombaomba mpaka tukavipata Mnyuzi. Safari hii fundi alichomelea bila nyimbo za msiba, na mteremkoni alipanda kabla ya kuambiwa. Mjomba akakanyaga breki kwa nguvu zote. Mabomba yakagonga chuma kwa kishindo, meno yangu yakagongana. Kofia ya mjomba ikabaki kichwani.

Fundi akaitazama shingo ya mjomba, akaigusa kabisa kwa kidole.

"Mali ya kijiji ipo," akasema, akashuka kurudi kwa miguu.

Miwani yake aliisahau kitini. Nilimwambia mjomba tumwite. Akaivaa juu ya kofia, akaondoa gari kuelekea Handeni.