Jina Lililoombwa kwa Kuku

Tangu jua lizame, Nasimiyu alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha kujifungulia cha hospitali ya misheni, Lugulu, macho yake kwenye mlango wa mbao. Ndani, binti yake Edith alikuwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Nesi Jepkemboi alikuwa ameshasema: mtoto akikaribia, ataingia mwanamke mmoja tu, na mgonjwa mwenyewe ndiye atakayemchagua.

Kwa mama mwingine hilo lisingekuwa neno. Lakini kwenye benchi ileile, upande wa pili, alikaa mwanamke wa viatu vya ngozi na shali nyeupe mapajani. Naye aliitwa Edith, Edith wa Kitale, wajina wa yule aliyekuwa ndani. Alikuwa amefika juu ya lori la mahindi, na hata vumbi halikumshika.

"Umekula, Mama Edith?" aliuliza.

"Nimeshiba."

Nasimiyu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mwaka wa 1932 alikuwa ameolewa karibuni na Khaemba, katika kijiji kimoja cha Bungoma, na kila Krismasi alimwona huyu Edith akija nyumbani na mumewe, karani wa Kitale. Mume alimbebea cherehani kichwani, mbele za watu, bila aibu. Khaemba hakuwahi kumbebea Nasimiyu hata jembe. Wakati huo hapakuwa na Edith mwingine mpaka ufike Cheptais, na Nasimiyu akaona bahati yote ya yule mwanamke imo ndani ya lile jina. Alipojifungua msichana, alishika kuku akaenda kuomba.

"Nipe jina lako."

Edith alicheka, akampokea kuku. "Chukua. Lakini ujue, mwenye jina langu ni wangu pia."

Miaka kumi baadaye maedith walijaa. Shuleni mwalimu aliwaita kwa majina ya baba zao, Edith Barasa, Edith Wabwile, wasije wakasimama wote pamoja. Hao mama zao waliliokota tu kanisani, kama mtu anavyookota kuni. Nasimiyu peke yake ndiye aliyebisha hodi, kwa hiyo binti yake peke yake ndiye aliyekuwa na wajina wa kweli. Gauni la kwanza lilitoka Kitale. Viatu vilitoka Kitale. Alipofika darasa la nne, mtoto mwenyewe akaenda Kitale kusoma, na likizoni alirudi akinuka sabuni na kusema, "Kule kwa mama tunalala na taa."

Kule kwa mama. Nasimiyu aliendelea kupepeta wimbi, lakini usiku ule hakulala.

Siku moja Edith wa Kitale alileta habari kwamba mke wa mchungaji amemweleza maana ya jina lao. Ni jina la Waingereza wa kale, maneno mawili yameshonwa pamoja, mali na vita.

"Basi tumegawana vizuri," Nasimiyu alijibu. "Mali yako, vita vyangu."

Wanawake waliokuwa wakichambua mboga walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Hata siku ya harusi, gauni lilishonwa kwa ile cherehani, na wageni wakamuuliza Edith wa Kitale kama bibi harusi ni wake.

"Akajibuje?" Nasimiyu alimuuliza jirani.

"Alisema ati ni wenu wawili."

"Si angesema ni wangu tu."

Sasa kulikuwa kunakucha. Sauti ya ndani ilipanda, ikashuka. Edith wa Kitale akaanza kukunjua shali na kuikunja tena.

"Hata mimi nilipewa," alisema ghafla. "Memsabu, yule Mzungu niliyemlelea watoto, alinipa jina la dada yake aliyekufa. Akiniita, wakati mwingine analia. Nilikuwa najiuliza kama ananiita mimi."

Nasimiyu alimtazama. Miaka ishirini na moja ilikuwa imepita, na hakuwahi kufikiri kwamba jina lile lilikuwa la mtu mwingine kabla. Alitaka kusema pole. Kisha akaiona tena ile shali, ilivyokuwa nyeupe, ilivyokuwa tayari.

Mlango ukafunguka. Jepkemboi alitoa kichwa, jasho usoni. Alikuwa msichana wa mahali paitwapo Kwanza, kupita Kitale; Kibukusu, lugha ya kina Nasimiyu, hakukijua.

"Nimemuuliza nani aingie, hanijibu. Anaita tu 'mayi, mayi'. Mayi ndiye nani kati yenu?"

Edith wa Kitale alijua. Maisha yote yule mtoto alimwita mama, kwa Kiswahili, kama watoto wa mjini. Mayi, yaani mama kwa Kibukusu, ni neno la jikoni kwa Nasimiyu, la kabla ya viatu. Akainua shali, akainyoosha mbele.

"Nenda nayo, Mama Edith. Mtoto atasikia baridi."

Nasimiyu alikuwa ameshavuka kizingiti. Alifungua khanga yake kiunoni, akaitandaza mikononi.

"Ninayo ya kumfunika," alisema, na kwa kisigino akausukuma mlango mpaka ukalia.