Alawiya na Ratiba ya Mwaka wa Kwanza

Barua ya chuo ilimfika Alawiya Yeslam akiwa na miaka ishirini. Alikuwa ameomba kusomea ufamasia, lakini alama zake za kemia hazikutosha, akapangiwa sosholojia katika tawi la chuo kikuu lililoko hapo hapo mjini Mombasa. Babake, Mzee Yeslam, fundi wa kanzu mwenye duka Bondeni, aliisoma barua mara mbili kisha akaiweka juu ya cherehani.

"Hii sosholojia ni elimu ya nini?"

"Ni kusoma watu, Aba. Vile wanavyoishi pamoja, na kwa nini wafanya wafanyayo."

"Mimi nimewapima watu wa Bondeni miaka thalathini, viuno na mabega," Yeslam akasema. "Ungeniuliza mimi." Lakini alikuwa akitabasamu, na siku hiyo kila mteja aliyeingia aliambiwa kuwa binti yake anakwenda chuo kikuu.

Mamake Alawiya alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Nyumbani walibaki watatu: Yeslam, Alawiya, na kakake Ayman, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ayman ndiye aliyemsindikiza hadi shuleni wakati wa mitihani, miezi ile mtaa ulipokuwa na fujo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuna aliyewahi kumwona akigombana.

Wiki mbili kabla ya chuo kufunguliwa, Alawiya alishinda dukani na kijitabu cha masomo. Mwaka wa kwanza kulikuwa na utangulizi wa sosholojia, anthropolojia, saikolojia na takwimu. Mwaka wa tatu mtu aliruhusiwa kuchagua: familia, dini, afya, uhalifu. Mwaka wa nne kila mwanafunzi alifanya utafiti wake mwenyewe. Alawiya alitia alama ya kalamu kwenye masomo ya afya, kwa kuwa bado alitamani kufanya kazi hospitali. Ukurasa wa uhalifu aliupita.

Jumanne moja, punde tu baada ya swala ya alasiri, vijana saba waliingia mtaani na mapanga. Hawakujifunika nyuso. Muuza mihogo wa pale kona alipigwa panga la bega kabla hajajua kuna nini, akaangukia jiko lake, mafuta ya moto yakammwagikia miguuni. Mwanamke mmoja alichelewa kuachia mkoba, wakamkata mkono juu ya kiwiko. Watu waliokuwa njiani wakakimbilia majumbani, milango ikafungwa kwa komeo, na waliobaki nje wakawa wanagonga na kulia wafunguliwe.

Aliyeingia dukani kwa Yeslam alikuwa kijana mrefu mwenye fulana nyekundu. Alitaka simu. Yeslam alikuwa na mkasi mkononi, akikata kanzu ya bwana harusi, na labda kijana aliuona mkasi ule akadhani vingine. Panga lilishuka. Yeslam alikinga kwa mkono wa kulia, na vidole viwili vikaanguka juu ya kitambaa cheupe. Hakulia. Alivitazama tu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Kijana akachukua simu iliyokuwa mezani akatoka.

Alawiya, aliyekuwa nyuma ya cherehani, aliuzungushia mkono wa babake kitambaa kile kile cha kanzu, akakaza kwa nguvu zake zote. Akamwita jirani wao Abdulghafur mwenye gari, aliyekuwa akichungulia mlangoni kwake, na yeye akamchukua mzee kumkimbiza hospitali. Alawiya alibaki; gari halikuwa na nafasi ya mtu wa tatu, kwani nyuma alilazwa yule muuza mihogo.

Wakati huo wanaume walikuwa wamekwisha kutoka msikitini, na sasa mapanga saba hayakuwa kitu mbele yao. Sita walitoroka. Wa saba alipigwa jiwe la kifundo cha mguu akaanguka kwenye mtaro. Alawiya alipofika alimjua. Alikuwa Abdulhadi, miaka kumi na tisa, wa mtaa wa pili, aliyesoma naye madrasa, ambaye Yeslam alikuwa akimpunguzia suruali bila malipo. Alivaa shati la buluu.

"Si huyu aliyemkata Aba," Alawiya akasema. Akalirudia kwa sauti. "Yule alikuwa na fulana nyekundu. Si huyu."

Hakuna aliyegeuka. Walimpiga mateke, wakampiga mawe ya kujengea. Jino lilimtoka likanasa kwenye mdomo wake wa chini. Aliinua mikono yote miwili kufunika kichwa, na mtu akaivunja kwa gongo, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Ndipo Ayman akaja mbio kutoka kazini, tai bado ikiwa shingoni. Njiani alikuwa ameambiwa kwamba babake ameuawa.

Aliokota nondo kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Alawiya alimdaka mkono. "Ayman, Aba yu hai. Amepelekwa hospitali." Ayman alimtazama kana kwamba hamjui, akamsukuma. Nondo ya kwanza ilimpata Abdulhadi mbavuni. Ya pili ilimpata Alawiya, aliyekuwa amejitia katikati, ikamvunja mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega. Alisikia mfupa ukilia kama kijiti kikavu. Ya tatu ilishuka kichwani mwa Abdulhadi, na baada ya hiyo kijana hakukinga tena. Wengine waliendelea kumpiga hata alipokuwa amekwisha kufa.

Kabla ya magharibi mtaa ulikuwa umemwagiwa maji na kufagiliwa.

Afisa wa upelelezi aliyetumwa aliitwa Mutunga. Alipita mlango kwa mlango siku mbili. Kila mwanamume alimwambia alikuwa msikitini wakati wote ule, akisoma uradi wa baada ya swala.

"Msikiti ulijaa sana siku hiyo," Mutunga akasema, akafunga daftari lake. Alipomuuliza Alawiya bega limepatwa na nini, Alawiya alijibu kwamba alianguka kwenye ngazi.

Chuo kilipofunguliwa alikwenda mkono ukiwa umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Kila mwanafunzi mpya alipewa mwalimu wa kumshauri kuhusu masomo, na wake alikuwa Mwalimu Ndinda, mama wa makamo aliyezaliwa Machakos na kukaa Mombasa nusu ya umri wake. Ofisi yake ilijaa makaratasi hata kiti cha wageni kilibidi kuondolewa vitabu kwanza.

"Tupange mwaka huu, halafu tutazame miaka mitatu ijayo juu juu," akasema. "Wapenda nini?"

"Nataka somo la uhalifu. Nataka nilianze sasa."

"Hilo ni la mwaka wa tatu. Lazima kwanza upite utangulizi, na takwimu, na njia za utafiti. Mtu haanzi na lile."

"Siwezi kungoja miaka miwili, Mwalimu."

Ndinda aliweka kalamu chini. Alimtazama bega, akangoja, na Alawiya, ambaye hakuwa amemwambia mtu yeyote, akamweleza yote, pamoja na jina la Ayman.

"Nataka kujua watu wale ni watu gani," akasema. "Mmoja wao amenisomesha Kurani tangu utoto. Nataka kitabu kinieleze."

"Vitabu vipo, nitakupa orodha," Ndinda akasema. "Vitakueleza kuhusu makundi ya watu, na hasira, na mitaa isiyokuwa na kazi. Vingine ni vizuri sana. Lakini mimi nisikudanganye. Hakuna kimoja kitakachokuambia ufanye nini na kakako. Hilo si somo la mwaka wa tatu wala wa nne."

"Wewe ungefanya nini?"

"Sijui, mwanangu. Na ningekuwa najua, nisingekuwa na haki ya kukuamulia." Akachukua kalamu. "Takwimu ni Jumatatu na Alhamisi. Usiziogope. Wengi hushindwa kwa sababu hukosa vipindi vya mwanzo."

Alawiya aliandika masomo matano kwenye fomu kwa mkono wa kushoto, herufi zikaenda upande.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kumwona mamake Abdulhadi. Bi Mejumaa alikuwa amehama Bondeni siku ya tatu baada ya maziko, maana watoto walimrushia mavi mlangoni wakimwita mama wa mwizi. Sasa alikaa kwa dadake karibu na Feri. Alawiya alipopiga hodi alikaribishwa, akaandaliwa chai, nayo ikapoa kikombeni.

"Mwanangu alikuwa mbaya," Bi Mejumaa akasema mwishowe. "Najua. Nilimfukuza nyumbani mara mbili. Nilionyeshwa maiti, sikumjua uso. Nilimjua kwa kovu la goti." Akasukuma kikombe kando. "Ni nani waliompiga?"

"Walikuwa wengi, Bi Mejumaa."

"Wengi wana majina."

Alawiya alitazama chini. Kisha akasema, "Ayman, kakangu, ni mmoja wao. Ndiye aliyempiga kichwani."

Bi Mejumaa hakupiga kelele. Alinyanyuka, akamzaba Alawiya kofi la uso, akamzaba la pili. Halafu akakaa palepale sakafuni, akauvuta ule mkono mzima wa Alawiya akaung'ang'ania, na kucha zake zikaingia nyamani mpaka damu ikatoka. Walikaa hivyo muda mrefu.

Habari ilimfikia Ayman kwa simu kabla ya Alawiya kufika nyumbani. Alikuwa akimngoja sebuleni. Tangu siku ile alikuwa halali wala hali sawasawa, na mashavu yalikuwa yamemwingia ndani.

"Umekwenda kuniuza," akasema.

"Nimesema kweli."

Alimshika nywele akamgonga kichwa ukutani. Alimpiga ngumi ya tumbo, na alipoanguka akampiga teke kwenye bega lililovunjika, na Alawiya akaona weupe tupu. Aliposikia tena, sauti ilikuwa ya babake. Yeslam, ambaye jeraha lake bado lilikuwa likitoa maji, alikuwa amemkumbatia Ayman kwa nyuma kwa mikono yote miwili, bendeji ikilowa damu upya juu ya shati la mwanawe.

"Basi," alikuwa akisema. "Basi, basi. Wataka kuua na huyu?"

Ayman alilegea. Alikaa chini akajiziba uso, akalia. Alisema kwamba kila akifumba macho anaisikia ile nondo mikononi, jinsi ilivyokuwa laini pigo la mwisho. Alisema alimsikia Alawiya siku ile. Alimsikia vizuri aliposema babao yu hai. Na hata hivyo hakusita.

Yeslam alimsikiliza mpaka mwisho. Asubuhi alivaa kanzu, akaomba afungwe vifungo kwa kuwa vidole havikumtii, akawaambia wote wawili watoke. Walikwenda kituo cha polisi kwa miguu, mzee katikati. Mutunga aliwapa viti. Ayman alieleza alichofanya. Alawiya aliandikisha taarifa yake baada yake, akataja shati la buluu na fulana nyekundu, na ngazi ambayo hakuanguka. Alipoulizwa majina ya wengine alitaja manne, akiwamo mwalimu wake wa madrasa. Yeslam aliinamisha kichwa lakini hakumzuia.

Baada ya hapo Bondeni ikawafunga. Wateja walikata mguu. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka swalani, mawe yalirushwa dukani hata kioo kikavunjika chote, na jiwe moja likampata Yeslam kwenye paji la uso. Abdulghafur, aliyewahi kumkimbiza hospitali, alisimama ng'ambo akitazama. Ukutani pakaandikwa neno la kumtukana Alawiya, na yeye ndiye aliyelifuta, kwa brashi na mkono mmoja, huku vijana wawili wakicheka nyuma yake. Mmoja alimtemea mate mgongoni. Aliendelea kufuta.

Yule wa fulana nyekundu hakupatikana. Mutunga alisema huenda alivuka kwenda Tanga. Ayman aliwekwa rumande kungoja kesi, pamoja na wawili kati ya waliotajwa. Mwalimu wa madrasa alikana kila kitu, na hakuna mwingine aliyekubali kutoa ushahidi dhidi yake.

Nyumbani Yeslam alianza kujifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akiharibu vingi. Jioni humwambia Alawiya amsomee yale aliyofundishwa mchana, na Alawiya humsomea: familia ni nini, desturi ni nini, watu hufanyaje wakiwa wengi. Mara nyingine mzee husema, "Hilo ni kweli," na mara nyingine husema, "Huyo aliyeandika hajawahi kupigwa." Mara moja Alawiya alifunga daftari akasema hawezi tena. Kesho yake alihudhuria kipindi.

Katikati ya muhula alirudi ofisini kwa Mwalimu Ndinda na fomu mpya.

"Wataka kuacha somo?"

"La, Mwalimu. Nataka kuhama kundi la takwimu. Kesi itasikizwa Alhamisi, na mimi ni shahidi wa kwanza. Nimeambiwa huenda ikachukua Alhamisi nyingi."

Ndinda alitafuta kwenye ratiba, akipitisha kidole. Kulikuwa na kundi jingine, Jumatatu na Jumatano saa mbili asubuhi, lenye wanafunzi wengi na mwalimu mkali. Alawiya alisema hilo litamfaa. Mwalimu akatia sahihi, akamuuliza kama ana mtu wa kwenda naye mahakamani.

"Nina Aba," Alawiya akasema. "Na Bi Mejumaa amesema atakuja, ila hatakaa upande wetu."