Mbio za Nyamai Hadi Machimboni

Mume wangu Nyamai hakupenda kukimbia. Nasema hili mapema kwa sababu mtaa wetu wote wa Mbotela ulimjua kwa mbio, na jirani yangu Khavere alikuwa akinitania kila asubuhi pale mferejini: "Mama Koki, huyu bwana yako anakimbianga na hakuna mtu anamfukuza!" Wanawake wote walicheka. Mimi nilijaza debe langu nikaenda zangu, maana nilikuwa najua jambo ambalo wao hawakulijua, na nilikuwa nimechoka kulijua.

Aliyependa mbio ni Ndeti, ndugu yake mdogo. Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha sabuni kule Industrial Area, na Ndeti ndiye aliyekuwa tegemeo la timu ya kiwanda. Nyamai alikuwa na kitambi na pumzi fupi. Alimsindikiza mdogo wake tu, ili kijana asipite porini peke yake.

Walikuwa na njia yao. Kukipambazuka walishuka Jogoo Road, wakavuka barabara ya Outer Ring, na hapo mji ukawa umekwisha. Siku hizi ukiwaambia watoto kwamba mji uliishia hapo wanakuona mwongo. Kulikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa, nyasi za kufika magotini zimejaa umande, kisha kijia kilichoteremka kati ya migunga hadi Mto Ngong. Mahali fulani mto ulitandaa, maji yakafika kwenye vifundo tu, na hapo ndipo walipovuka. Ng'ambo walipanda kilima, wakapita kwenye machimbo ya mawe, wakazunguka na kurudi nyumbani kwa barabara. Waliniletea habari za swala waliosimama kwenye ukungu kama mbuzi wa mtu. Mimi niliwaambia wakileta nyama nitafurahi zaidi.

Mwezi wa sita mwaka wa 1974 kiwanda kilimpa Ndeti raba mpya nyeupe, kwa ajili ya mashindano ya Jumamosi pale uwanja wa Jogoo Road. Alilala nazo kando ya mto wake wa kulalia. Alhamisi asubuhi walipofika mtoni alizivua ili zisilowe, akavuka, akaanza kupanda kilima miguu mitupu, raba mkononi. Nyamai alikuwa bado katikati ya maji. Alipoona mgongo wa ndugu yake unapotea kule juu, akiwa amechoka na amefurahi, alipaza sauti kwa mzaha:

"Mkamateni! Mkamateni huyo!"

Sasa wewe jifanye mchonga mawe. Umeinua kichwa, unaona kijana usiyemjua anakuja mbio, hana viatu mguuni lakini raba mpya iko mkononi, na nyuma yake kuna mtu anapiga kelele akamatwe. Watu wa huku kwetu wakisikia hivyo hawaulizi jina. Wanaokota jiwe, na pale mawe ndiyo yaliyokuwa kazi.

Nyamai alifika juu akipaza sauti kwamba si mwizi, ni ndugu yake. Walikuwa wameshamvunja goti na nyonga. Wachonga mawe wale wale walimbeba kwenye lori lao hadi hospitali, na mmoja alimvika koti lake. Mzaha mzaha hutumbua usaha, wazee walisema, lakini usaha wenyewe hawakutuambia tuufanye nini.

Wiki hiyo hiyo Nyamai aliniambia ni yeye aliyepiga kelele. Alinisimulia huku akikunja shati lake, taratibu, mkono mmoja kisha mwingine. Akanikataza kumwambia mtu. Nilingoja alie. Hakulia siku hiyo wala kesho yake.

Ndeti alirudi kwetu baada ya miezi minne, na magongo mawili. Hakusema lolote juu ya siku ile, na hakuna aliyemuuliza. Alitaka jambo moja tu. "Kaka, wewe endelea," alimwambia Nyamai. "Ukirudi uniambie huko kuko aje."

Basi Nyamai akaendelea. Kila asubuhi alikimbia peke yake, na alivaa fulana ya kiwanda yenye namba kubwa kifuani na mgongoni hata kwenye mvua, ili kila mtu ajue ni mtu wa mbio. Alirudi jasho likimtiririka, akasimama mbele ya kigoda cha ndugu yake mlangoni, akasimulia. Alisimulia kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Ukungu upo. Maji yamepanda kidogo. Korongo wawili kwenye matete. Swala sita, mmoja ana mimba. Kisha, kutoka mtoni, aliruka moja kwa moja hadi barabara ya kurudi. Machimbo hakuyataja hata siku moja. Ndeti naye hakuuliza mbona njia ina pengo.

Sisi Wakamba mtu akikosa miguu bado ana mikono. Ndeti alianza kuchonga vinyago. Alichonga kile alichoambiwa asubuhi ile: akisikia swala, anachonga swala, akisikia korongo, korongo. Mtu wa chama cha wachongaji wa Pumwani alikuja kuvichukua kila mwisho wa mwezi. Nyumba za mtaa wa Umoja zilipoanza kujengwa upande ule, Nyamai hakumficha. "Leo hakuna swala," alisema. "Kuna nguzo za stima." Ndeti akachonga nguzo ya stima, na waya zake. Hakuna mtalii aliyeitaka, na mpaka leo iko juu ya kabati langu.

Nilikuwa na hasira siku zile, na sioni haya kusema. Ningeweza kuishi na mlevi au na mtu wa matusi. Huyu hakuwa na chochote. Nilimpikia chakula bila chumvi makusudi, akala akamaliza akashukuru. Siku moja mwaka wa 1977 alirudi akasimulia mto wote, na wakati huo damu ilikuwa ikifanya kidimbwi sakafuni. Msumari wa mafundi ulikuwa umetoboa raba ukaingia kwenye unyayo. Alikuwa amekuja nao tangu Outer Ring. Nilipouchomoa kwa koleo alinitazama tu.

"Hauumi?" nilimuuliza.

"Sijui, Mama Koki."

Nilimwambia, "Mwambie ndugu yako, bwana. Mwambie, au nitamwambia mimi." Alinijibu kwamba atamwambia. Nikangoja miaka sita mingine. Na mimi pia sikusema, kwa hiyo sina haki ya kujifanya malaika.

Mwaka wa 1983 mama yao alituma salamu kutoka Mwala. Alikuwa amezeeka, na alitaka Ndeti arudi akae naye. Kuna nyumba, kuna miti ya kuchonga. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, alisema, na aliyeleta salamu akazitoa hivyo hivyo, mbele ya Ndeti mwenyewe. Nilimtazama kwa jicho baya. Lakini Ndeti alicheka akasema, "Si ni kweli, shemeji? Guu si ndilo hili?" Tukapanga aondoke Jumamosi kwa basi la saa nne.

Ijumaa nilimwambia mume wangu maneno mawili tu: "Ni kesho."

Jumamosi alfajiri alikimbia kama kawaida. Nilikuwa nimefunga vifaa vya Ndeti kwenye gunia, patasi na tezo, na Ndeti alikuwa kwenye kigoda chake anakwangua kipande cha mti kisichokuwa kitu bado. Nyamai alirudi akasimama mahali pake. Ukungu hakuna, alisema. Shamba la ng'ombe limewekwa vigingi vya wapima ardhi, na kule Kayole pia. Maji ni machafu, yana mafuta. Korongo mmoja.

Kisha nilimsikia anavuta pumzi. Sufuria ilikuwa mkononi mwangu, nikaiweka chini.

"Nikavuka," alisema. "Nikapanda. Nikafika machimbo. Siku hizi hawachongi tena, kuna maji ya mvua ndani. Nikasimama. Ndeti, siku ile ni mimi nilipiga kelele. Nilisema wakukamate. Nilikuwa nacheza."

Ndeti aliendelea kukwangua mara tatu au nne. Kisha akapuliza vumbi la mti.

"Kaka, sauti yako si naijua?" alisema. "Nilikusikia. Nilicheka sana. Hata nikapunguza mbio ndio unifikie."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya. Nilimtazama mume wangu, na uso wake ulikuwa ule ule wa miaka tisa, jasho likishuka kwenye shingo. Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Halafu akabeba gunia begani, tukaenda kituoni polepole kwa mwendo wa magongo, na njiani walizungumza juu ya paa la nyumba ya mama yao, kama linavuja. Basi lilipoondoka Ndeti alitoa mkono dirishani. Nyamai alipunga wake mpaka basi likapotea, na baada ya hapo bado akawa anapunga. Nilimshika mkono nikaushusha.

Jumapili aliamka wakati ule ule. Nilimsikia gizani akivaa fulana, akivuta kigoda cha Ndeti mlangoni akakikalia. Alivaa raba moja akafunga kamba. Nikangoja kusikia ya pili. Jua likachomoza, Khavere akapita na debe lake, akaona, na kwa mara ya kwanza hakutania. Nilitoka nikamkuta ameshika raba ya pili mapajani, machozi yakimtoka bila sauti, kwa wingi, yanalowesha ile namba ya kiwanda.

"Mama Koki," alisema, "mguu unaniuma."

"Mguu gani?"

"Huu wa msumari."

Nilikuwa nimejiwekea maneno makali ya miaka tisa kwa ajili ya siku hiyo, na sikuyaona yalikokwenda. Niliingia ndani nikabandika maji ya chumvi jikoni, nikarudi na karai, nikamwambia aweke mguu ndani.