Kichwa cha Gia cha Mpingo

Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la pombe ya uraka. Wapo wanaosema nilikuwa na malaria imenipanda kichwani. Waache waseme. Mimi nitakueleza yalivyokuwa, nawe uamue.

Nilikuwa natunza stoo ya vipuri hapa Nachingwea, ya tajiri mmoja mwenye malori na matrekta. Ukisikia mtunza stoo usidhani ni mtu wa kukaa na kufunga makufuli. Huku kwetu mvua ikishaanza, barabara za Mandawa na Mbwemkuru zinageuka uji. Lori likiharibikia huko, na kipuri chake mpaka kiagizwe Dar es Salaam, mzigo unaozea juu na dereva anakonda chini. Kwa hiyo mikorosho ikianza tu kutoa maua, mimi naanza kurundika: filta, oili, grisi, springi, bearingi, mipira ya breki, boliti za kila aina. Nilikuwa sipati usingizi mzuri mpaka rafu zijae hadi kwenye bati. Madereva walikuwa wakinitania kwamba najiandaa kwa vita.

Dereva mmojawapo alikuwa kaka yangu wa damu, Dastani. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, Dastani ndiye aliyenisomesha kwa jasho la usukani. Ukiniuliza mtu gani nampenda kuliko wote duniani, sitafikiri mara mbili.

Sasa mwaka huo mvua iliwahi. Ilikuja na fujo, ikakata barabara ya kutoka Dar mzigo wangu ukiwa bado uko njiani. Rafu zilikuwa nusu tupu na msimu wa korosho ndio umepamba moto. Nilichanganyikiwa, usione. Nikatangaza gereji zote za mjini kwamba mwenye kipuri kilichotumika ila kizima, aniletee.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, mvua inamwagika kama mbingu imetobolewa, akaingia mtu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati la kaki limepigwa pasi, begani ana gunia. Nilimkaribisha, nikamsogezea kiti. Hakukaa. Ndipo nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka: mtu yule alikuwa mkavu. Nje mvua ile, kwetu pale hakuna lami wala baraza, matope yanafika kwenye vifundo vya miguu. Yeye viatu vyake vina vumbi. Vumbi, nakwambia! Mwezi huo hukupata vumbi Nachingwea nzima.

"Nimesikia unaweka akiba," akasema.

"Ndiyo kaka. Una nini?"

"Na mimi ni mtu wa akiba," akanijibu, akafungua gunia na kunitolea habu, kile chuma cha katikati ya gurudumu la lori. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu, juu yake kuna nyota nyeupe zilizochorwa kwa mkono. Nyota moja ilikuwa imevuja rangi upande mmoja, kama inalia. Nikaigeuza, nikaona ni nzima. Nikamuuliza bei.

"Kaa nayo tu. Nitapita tena."

Nilipoinua macho alishatoka. Nilichungulia mlangoni nikaona mvua tu. Je, wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ni mtu wa vyuma chakavu mwenye tabia zake. Nikaiweka habu rafuni nikaendelea na kazi.

Haikupita wiki, lori la mfanyabiashara mmoja wa mahindi likapinduka bonde la Mbwemkuru. Dereva alifia palepale. Mabaki ya lori yakavutwa hadi gereji iliyo jirani na stoo yangu, ya fundi Makota, mzee aliyekuwa akitutengenezea magari yetu. Nilikwenda kutazama kama watu wengine. Nikasimama mbele ya lile lori. Habu zote za bluu. Zote zina nyota nyeupe. Na ya mbele kushoto ina nyota moja iliyovuja rangi.

Nilikimbia stoo, maana nilidhani mtu amenichezea, ameichukua ile yangu. Nikaikuta rafuni, nikaibeba mpaka kwa fundi Makota, tukaziweka pamoja. Nyota ileile, mvujo uleule, na hata mkwaruzo wa pembeni ulikuwa mahali palepale. Na kulikuwa na jambo jingine: ile ya lori ilipata ufa lilipoanguka, na yangu, ambayo nilikuwa nimeigeuzageuza na kuiona nzima, sasa ilikuwa na ufa huohuo.

Fundi Makota alivua kofia. Akaniuliza nani kaniletea, nikamweleza. 

"Binti yangu, hii tukaizike. Na huyo mtu akija tena, usipokee kitu."

Tukaizika nyuma ya gereji. Moyoni nilijiambia labda aliyechora habu zile alichora nyingi zinazofanana. Mtu ukiogopa unajitafutia maneno ya kujituliza. Usinicheke.

Alirudi. Safari hii mvua ilikuwa imekatika, jua linachoma, saa ambazo watu wamejilaza baada ya chakula. Shati lilelile, vumbi lilelile viatuni. Nilitaka kumfukuza, akaniwahi. Aliweka gunia juu ya meza, akaingiza mkono taratibu, kama mtu anayechagua embe, akatoa kitu kidogo cheusi na kukisukuma mbele yangu.

Kilikuwa kichwa cha gia, kile kidude ambacho dereva anakishika juu ya wenzo akibadili gia. Cha plastiki kilipovunjika kwenye lori la Dastani, mjomba wetu alimchongea kingine cha mpingo, umbo la kobe, na binti wa Dastani alipokuwa anaota meno akamtafuna yule kobe shingoni. Alama za meno zilibaki. Kobe wa namna ile hakuwepo mwingine duniani, niamini. Na pale mezani nilikuwa namtazama, na alama za meno ya mtoto shingoni.

Alikuwa amepasuka katikati, kuanzia kichwa hadi mkia.

Asubuhi ile Dastani alikuwa Mandawa anapakia korosho. Nilikuwa nimeongea naye kabla ya chai, mzima wa afya.

"Umekitoa wapi?" nikauliza. Sauti niliyoisikia haikuwa yangu.

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

Akafunga mdomo wa gunia, akalirudisha begani. Gunia lilikuwa limejaa, na vyuma vikagongana ndani yake.

"Bado hajajua," akasema. Akatoka.

Nikapiga simu. Namba haipatikani. Nikapiga tena, na tena. Wanaoijua Mandawa wanajua mtandao wa kule. Nikamfunga yule kobe kwenye pindo la kitenge changu, fundo la nguvu, nikafunga stoo na kuchukua bodaboda kwenda Ruangwa, maana Dastani lazima angepitia pale. Njia nzima nilikuwa nasali, na kila lori lililokuja mbele yetu nilifumba macho. Tulianguka mara moja kwenye tope, goti likachubuka, wala sikusikia maumivu.

Nilimkuta. Alikuwa Ruangwa mjini, anakula wali kwa mama ntilie, lori limeegeshwa kando ya barabara na shehena yake imefungwa turubai. Nilimkumbatia nikalia mbele za watu, naye akabaki ameshika kijiko, hajui afanye nini.

"We, kuna msiba?"

Nikamvuta mpaka kwenye lori, tukapanda. Kobe wake alikuwepo juu ya gia, mzima, anang'aa kwa mikono ya kila siku. Nikafungua kitenge nikamweka yule aliyepasuka pembeni yake. Dastani alitazama huyu, akatazama yule. Akapitisha kidole kwenye alama za meno za binti yake, kwanza hapa, kisha pale. Nikamweleza habari za habu ya bluu. Kaka yangu si mtu wa kuogopa, lakini nilimwona jasho linamtoka juu ya mdomo.

"Silipeleki hili lori," akasema. "Lilale hapa. Kesho aje fundi Makota alifungue lote."

Akampigia bosi. Nilikuwa karibu, nikasikia yule mzee anavyofoka. Mnada ulikuwa unafuata, korosho zilitakiwa ghalani, na yeye hakununua gari ili liendeshwe na ndoto za wanawake. Dastani akashikilia msimamo. Bosi akakata simu, na tulipodhani yameisha, akaja Selemani.

Huyu Selemani alikuwa kijana wa pale Ruangwa, dereva asiye na gari, anayeshinda stendi akisubiri aliyeumwa au aliyefukuzwa ili apate safari moja. Bosi alikuwa amempigia. Alikuja mbiombio, uso umejaa furaha, na akamwomba Dastani ufunguo kwa heshima kabisa.

Nilimshika mkono. Nikamwonyesha kobe. Nikamwambia kila kitu, sikuficha hata neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Kisha akacheka, si kwa dharau, ni kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Dada, mimi nina watoto wanangoja unga nyumbani. Wewe unanitisha na kigogo?"

"Selemani, lori hili lina kitu. Kataa leo tu," Dastani akasema.

"Nikikataa leo, kesho nani ataniita, kaka?"

Ungemjibu nini?  Dastani alisimama pale na ufunguo kiganjani, simu ya bosi ikaita tena, na akautoa. Selemani akapanda, akatupungia mkono, akashika njia ya Nanganga, nami nikamfunga tena yule kobe aliyepasuka kwenye pindo la kitenge.

Habari zilitufikia jua halijazama. Lori liliacha barabara kwenye mteremko, likaingia korongoni. Tulikwenda. Sitakusimulia tulichokikuta ndani ya kabini ya dereva, maana yule mtu ana mama na ana watoto, na siku moja wanaweza kusoma hapa. Nitakwambia tu kwamba Dastani aliingiza mkono kwenye vioo vilivyovunjika akatoa kobe. Alikuwa amepasuka katikati, kuanzia kichwa hadi mkia.

Nikashika pindo la kitenge nimtoe wa kwangu tulinganishe. Fundo lilikuwa limekaza vilevile nilivyolifunga. Ndani hamkuwa na kitu.

Wakubwa wa usalama barabarani walisema ni breki. Inawezekana. Mipira ya breki nilikuwa nayo stoo, mipya, na lori lile lilifungiwa mipira hiyo wiki hiyohiyo. Fundi Makota aliwaambia hivyo, wakaandika walichokwisha kuandika.

Tangu hapo niliacha ile kazi. Siku hizi nauza vitenge sokoni, na sikai na kitu cha chuma ndani ya nyumba zaidi ya sufuria. Dastani hajagusa usukani. Analima, na kila msimu anaanza na shamba la mjane wa Selemani kabla ya lake. Kwangu haji. Tukikutana ananisalimia kama mtu anavyomsalimia jirani. Mara moja tu aliniambia kilichomo moyoni. "Ulinifuata mimi ili afe yeye," alisema. Wala hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningeweza kulala.

Binti aliyechukua nafasi yangu stoo alikuja sokoni majuzi. Akaniuliza kama namfahamu mwanamume fulani mwembamba, msafi, mwenye gunia. Alipita mchana, hakuuza wala hakununua. Aliuliza tu mtunza stoo wa zamani amehamia wapi. Yule binti, kwa wema wake, akamwelekeza.

Ndiyo maana nakueleza, wewe mwenye gari, wewe mwenye gereji, wewe unayepokea kipuri cha mkononi kwa sababu mvua imekata njia. Muulize anayekuletea kimetoka gari gani. Mtazame miguu. Na ikitokea siku moja ukawekewa mezani kitu unachokijua, cha gari ambalo bado linatembea, usiishie kumzuia ndugu yako. Toa ufunguo utupe chooni. Toboa matairi. Wakufunge jela wakipenda. Hakikisha tu gari lile haliondoki pale na mtu yeyote.