Wifi Yangu na Diski Iliyobadilishwa Bodi

Wifi yangu hana haraka, na hilo limenikera tangu niolewe kwao. Mpe chai ya moto, ataisubiri mpaka ipoe, kisha alalamike imepoa. Anatengeneza diski za kompyuta katika chumba cha nyuma cha duka la vioo, na mteja wake mkorofi kuliko wote ni kaka yake, yaani mume wangu.

Mume wangu ni mpiga picha. Diski yake iliungua bodi ikiwa na picha za harusi ambazo hajazikabidhi. Badala ya kumpelekea dada yake, akajitia fundi: akachomoa bodi ya diski nyingine ya aina ileile, akaifunga. Diski ikazunguka vizuri, ila kila picha ikatoka vurugu tupu. Wiki hiyohiyo baba wa bi harusi akafariki ghafla. Alikuwa akikimbia kamera maisha yake yote, na picha zake za mwisho zilikuwa humo.

Bi harusi akaja mwenyewe kwa wifi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini.

“Iwashe tu tuone,” mume wangu akasema.

“Kaka, gusa hiyo swichi uone cha mtema kuni! Ukiiwasha ovyo itaandika juu ya hizo picha.”

Wifi akaitoa programu iliyomo kwenye chipu ya bodi, akaichapa kwenye karatasi, akaanza kuisoma amri moja moja. Nikamuuliza anatafuta nini.

“Wifi, chipu hii huelekezwa kwa njia mbili. Amri moja huiambia: nenda chumba fulani, kilichomo ndicho unachotaka. Nyingine huiambia: nenda chumba hicho, utakuta namba ya chumba kingine, kitu kiko huko. Bodi ya zamani ilifuata njia ya pili. Hii ya kaka inaishia chumba cha kwanza, inabeba namba na kuzileta kama ndizo picha.”

“Kwa hiyo picha zipo?” bi harusi akauliza.

“Sijui, mdogo wangu. Najua tu zinatafutwa mahali zisipokuwepo.”

Nilimheshimu kwa kutompa maneno matamu.

Mume wangu alimpigia dada yake simu asubuhi na jioni, hakupokea. Siku niliyompelekea chakula alikuwa amekwisha kusahihisha amri zote za kusoma, nami nikashangilia. Kumbe anaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, anazifunga amri za kuandika. Nilitamani kumzaba kibao. Chakula kilipoa, na safari hii hakulalamika.

Hatimaye akatuita. Akaiwasha bila mbwembwe. Picha ikaanza kufunguka kutoka juu, polepole: pazia, nywele zenye mvi, paji la uso, kisha mzee mwenyewe, tai imekwenda upande, mdomo nusu wazi, macho ameyafumba kabisa.

Mume wangu akajikuna kichwa. “Samahani, hiyo niliikosea. Tutafute nyingine.”

“Usiiondoe,” bi harusi akasema. “Baba anafumba macho kwenye kila picha. Mama anamgombeza mpaka leo.”

Akaweka kidole kwenye kioo, penye zile kope, na ndipo alipolia.