Ndege Kumi na Mmoja Ndani ya Friza la Mama Mkwe

Nilitumwa matumbo ya ng'ombe kwenye friza la mama mkwe. Nikatoka na mfuko wa mkate wenye ndege kumi na mmoja.

Si kuku. Si kware. Ni chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua. Kila mmoja amezungushiwa karatasi na kufungwa uzi.

Nilivuta karatasi ya mmoja, kichwa na miguu vikatokea. Vidoleni alikuwa na waya mwembamba, ule tunaofungia okidi kwenye vijiti.

Nilimtambua palepale. Ndiye aliyempa mama mkwe tuzo ya chama chetu ya picha bora ya Julai.

Sikufungua wengine. Niliusukumia mfuko chini ya kapu langu, nikaenda kupika.

Sasa niwaeleze. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mutare, kiwanja kimoja na mama wa mume wangu. Watoto humwita Mbuya, nami hivyo hivyo. Nyumba yake iko mbele, yangu nyuma, katikati wigo wa michongoma. Sote tunaotesha okidi, sote tunapiga picha ndege wanaozifuata, sote tuko chama kimoja cha maua na ndege.

Kila mwaka chama hualika wageni wenye kamera kutoka Harare na Bulawayo, na huchagua bustani moja ya kuwapokea. Miaka tisa mfululizo ilikuwa bustani ya Mbuya.

Mwaka huu nilitaka iwe yangu. Hilo tu. Na kura ilikuwa mchana wa siku ileile ya friza, Jumamosi.

Okidi zangu zilikuwa safi kuliko zake. Nina diploma ya kilimo cha bustani, sibahatishi. Kila wiki mbili nilimimina dawa ya wadudu kwenye vyungu, na hukuti kidukari hata mmoja. Zake zilikuwa zimetobolewa na wadudu kama chujio.

Tatizo lilikuwa picha. Ndege akija kwangu anaruka, naambulia mkia. Kwake ndege ametulia, mdomo umezama kwenye ua, unaweza kuhesabu manyoya.

"Mkamwana," aliniambia siku moja mbele ya chama kizima, "ndege anamjua mtu wa pupa. Wewe hata ukisonga sadza hutoka na mabonge."

Watu walicheka. Nami nilicheka, nikameza.

Kwetu mkamwana hamshtaki mama mkwe usoni. Ukiwa na neno unapitia kwa tete, dada wa mume. Yeye hulipeleka na kurudi na jibu. Mama mkwe naye akiwa na neno na wewe, njia ni ileile.

Tete wangu anaitwa Varaidzo, na ndiye katibu wa chama. Siku ya harusi yangu nilimwambia mbele ya wapambe kwamba gauni limemshinda. Tangu hapo hatuingiliani.

Nikasema, huyu simpitii. Nakwenda moja kwa moja.

Mwenyekiti, mzee Matsikidze, alipotangaza kura ukumbini, nikasimama.

"Kabla ya kura, mwenyekiti. Mbuya hapigi picha ndege. Anapiga picha maiti."

Nikauweka mfuko mezani. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, maji yakatiririka kwenye kitambaa.

Mbuya alikuwa kiti cha mbele, mikono amekunja. Hakugeuka.

"Mkamwana, rudisha huo mfuko kwenye baridi. Utajuta."

"Nitajutia matumbo tu, Mbuya. Yamebaki jikoni."

Ukumbi ulicheka, na safari hii walicheka upande wangu. Nilisikia raha, sitawadanganya.

Tete Varaidzo alifungua karatasi ya kwanza. Akaitazama. Akanitazama mimi.

"Kumeandikwa ndani. Nisome?"

"Soma," nikasema. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

"'Tarehe nane Julai. Dume. Ameanguka chini ya okidi za mkamwana, siku moja baada ya dawa.'"

Akafungua ya pili.

"'Tarehe ishirini na mbili Julai. Jike. Chini ya okidi za mkamwana. Alitetemeka nusu saa.'"

"Inatosha," nikasema.

"Umesema nisome," akajibu, akafungua ya tatu.

Alisoma zote kumi na moja. Polepole, kama anayesoma majina ya waliofaulu.

"Ile ni dawa ya wadudu," nikasema.

"Uliimimina okidi zikiwa na maua?" aliuliza mwenyekiti.

"Kila wiki mbili," nikasema.

"Na chozi anakula nini, mwenye diploma?"

Jibu nilikuwa nalo. Dawa ile inanywewa na mizizi, inapanda mpaka kwenye utamu wa ua. Somo hilo nilipata alama tisini.

Mbuya akasimama.

"Walikuwa wameshakufa. Mimi niliwafunga waya nikawapiga picha. Hilo ni langu, nalibeba. Kuua si kwangu."

"Mbona hukuniambia, Mbuya?"

"Nilimtuma tete wako tangu Julai. Mimi nafuata utaratibu."

Ukumbi mzima ukamgeukia Varaidzo. Alikuwa anakunja karatasi, moja juu ya nyingine.

"Nilikuwa namsubiri aje anisalimie," alisema. "Miaka kumi na miwili hajabisha mlango wangu. Ujumbe wake nilikuwa nao."

"Ndege wamekufa ukisubiri salamu?" nikamuuliza.

"Na wewe umewaua ukisubiri makofi."

Walipiga kura hapohapo. Mbuya akanyang'anywa tuzo zote na kusimamishwa mwaka mmoja. Mimi nikafutwa uanachama. Ikaamuliwa wageni wapokelewe kwa katibu, ambaye ana vyungu vinne vya jeranyamu na beseni la maji.

Hakukataa. Alisema atajitahidi.

Kesho yake asubuhi nilichukua mkasi, nikakata maua yote. Vyungu arobaini na tatu. Dawa hukaa ndani ya mmea, huwezi kuiosha.

Mbuya alikuja kusimama upande wake wa wigo, kamera shingoni.

"Kata na lile la pembeni, mkamwana. Umeliruka."

Nikalikata.

Chozi mmoja akaja. Akaelea kwenye vikonyo vitupu, kimoja, cha pili, cha tatu. Hakupata kitu. Akavuka wigo, akatua kwenye okidi zilizotobolewa za Mbuya, akazamisha mdomo na kutulia.

Nilisikia kamera ya Mbuya ikilia. Hakuhitaji waya tena.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa na neno na mtu, lipeleke mapema, hata kama mlango wa kupitia unakuudhi. Salamu kwa Tete ingenigharimu dakika tano na kiburi kidogo. Sikutaka kutoa.

Waliolipa ni wale kumi na mmoja. Kila mmoja gramu saba. Niliwapima kabla ya kuwazika.